Lori Moja, Midomo Minne

Mtu akinunua lori la tipa hulala vizuri wiki moja tu. Wiki ya pili anataka mkono wa kreni nyuma ya kebini. Kreni ikishafungwa, anakumbuka kwamba gogo la mnazi haliji lenyewe barabarani, basi anataka na winchi ya waya mbele ya bampa. Halafu anapewa kazi ya kuchimba msingi Kanga, sururu inagonga jiwe la matumbawe na kuruka, na jioni hiyohiyo anapiga simu Dar es Salaam kuulizia breka ya haidroliki ya kuvunjia mawe. Mwaka haujaisha, lori lina midomo minne na tumbo moja: pampu ileile iliyokuja na tipa.

Mwongozo huu ni wa tajiri huyo, wa dereva wake, wa utingo wake, na zaidi wa fundi wake. Wote wanne nitawasema, na nawasema kwa sababu nimeona lori zima likifa kwa kosa ambalo kalamu na karatasi vingelizuia.

Kwanza ujue uko wapi. Kanga iko kaskazini mwa kisiwa cha Mafia, njia ya kwendea Bweni na mnara wa taa wa Ras Mkumbi. Bandari iko Kilindoni, uwanja wa ndege uko Kilindoni, hospitali ya wilaya iko Kilindoni. Fundi wa Gerezani pale Dar es Salaam akikata hosi fupi kimakosa, anamtuma kijana kwa bodaboda, na kabla chai haijapoa hosi nyingine imeshabanwa vichwa. Wa Kanga akikosea vilevile, hosi yake inasafiri kutoka Dar hadi Nyamisati, inavuka bahari, inashuka Kilindoni, kisha inaitafuta barabara ya kaskazini. Bahari ikichafuka, hosi inasubiri ng'ambo na lori linasubiri huku. Kila ushauri ulio hapa chini umepimwa kwa umbali huo.

Sasa nikutajie mtu wa kumkwepa. Nitamwita Fundi wa Tii. Utamjua kwa mambo mawili: hana geji ya shinikizo, na hana swali. Ukimwambia unataka breka ifanye kazi pamoja na kreni, hakuulizi breka inakunywa lita ngapi. Anatia mkono mfukoni, anatoa kiungo cha tii, anakata bomba linalotoka kwenye pampu, anaunga. "Tayari, bosi. Mafuta yatagawana yenyewe."

Mafuta hayagawani yenyewe. Mafuta ni kama watu walioshuka kwenye mtumbwi wakiwa na mizigo: wote wanashika njia isiyo na kilima. Ukifungua milango miwili kwa wakati mmoja, mmoja wa kazi nzito na mmoja wa kazi nyepesi, mafuta yote yanakimbilia kwenye nyepesi, na ile nzito inasimama. Mshika mbili moja humponyoka, na itakayoponyoka ni ile iliyobeba mzigo.

Nililiona hilo Kanga kwa macho yangu. Mkono wa kreni ulikuwa umeinua gogo la mnazi, umeinuka kiasi cha kichwa cha mtu, unataka kuligeuza kuelekea kwenye bodi. Kijana wa upande wa pili, bila ubaya wowote, akafungua breka aendelee na jiwe lake. Kreni ikasimama hewani. Kisha, taratibu kama mtu anayepiga magoti, ikaanza kushuka pamoja na gogo lake. Utingo aliyekuwa chini aliwahi kuruka. Mzee mmoja mkwezi aliyekuwa ameketi kivulini akasema, "Wanangu, huo mnazi umeanguka mara mbili." Waliokuwepo walicheka, mimi nikashindwa. Tulipofungua viungo tulikuta tii mbili, valvu ya kuzuia mzigo hakuna, na bomba la kurudishia mafuta jembamba kama la kumwagilia bustani.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kujifunza maneno mawili kabla ya kushika spana: bar na lita. Bar ni shinikizo, nalo ndilo linalozaa nguvu ya kuinua. Lita kwa dakika ni wingi wa mafuta, nao ndio unaozaa mwendo. Pascal alieleza katika karne ya 17 kwamba shinikizo katika kimiminika kilichofungiwa husambaa sawasawa pande zote. Mwaka 1795 Joseph Bramah akapata hataza ya mashine ya kukandamiza iliyotumia kanuni hiyo Uingereza, na mwaka 1846 William Armstrong akasimamisha kreni ya nguvu za maji kwenye gati la Newcastle. Tangu siku hizo jambo halijabadilika: kreni ikishindwa kuinua, tatizo ni bar, ikiinua lakini kwa uvivu, tatizo ni lita. Fundi anayekimbilia kukaza skrubu ya shinikizo kwa sababu kreni ni nzito ya mwendo anatibu jino kwa dawa ya macho, na dawa hiyo huishia kupasua hosi.

Hatua ya pili ni hesabu, na ni fupi kuliko risiti ya dukani. Chukua lita kwa dakika, zidisha kwa bar, gawanya kwa 600. Jibu ni kilowati. Tuseme kreni yako inataka lita 40 kwa bar 200: hizo ni kilowati 13 na ushee. Winchi inataka lita 50 kwa bar 150: kilowati 12.5. Breka ya mkono inataka lita 30 kwa bar 120: kilowati 6. Ukizitaka zote tatu kwa pamoja unahitaji lita 120 kila dakika na karibu kilowati 32 za mafuta. Ongeza kinachopotea njiani, na injini italazimika kutoa kama kilowati 37, yaani nguvu za farasi 50.

Hapo tajiri anatabasamu. Injini yake ina farasi zaidi ya mia, hivyo hamsini ni nini? Ndugu yangu, injini haijakataa. Anayekataa ni PTO, kile kifaa kinachochomoa nguvu kwenye giaboksi na kuipeleka kwenye pampu. Kilowati 37 kwa mizunguko 1,000 ya dakika ni msokoto wa nyutoni-mita 350 na zaidi. PTO ina kibao chake chenye kikomo cha msokoto, na kikomo hicho hupungua kazi ikiwa ya kuendelea saa nzima. Ingia chini ya lori, futa tope, kisome. Kama kibao kimeng'oka, tafuta kitabu cha PTO hiyo. Meno ya giaboksi yakivunjika Kanga, hutafuti hosi tena, unatafuta lori.

Hatua ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike, nayo haihitaji spana hata moja. Keti na dereva na utingo chini ya mwembe, muulizane: ni kazi zipi hasa zinazofanyika kwa wakati mmoja? Zinazofungwa kwenye lori ni nyingine, na anazotamani tajiri akiwa kitandani ni nyingine.

Anzeni na tipa. Bodi linaponyanyuka, hakuna kitu kingine kinachopaswa kufanya kazi. Lori limebadilisha uzito wake, liko kwenye mchanga, na mkono wa kreni ukiwa nje wakati huo unatafuta msiba. Basi tipa inakula peke yake. Kreni na winchi je? Winchi inavuta gogo kutoka porini, waya umekaza, na dereva anatakiwa autazame ule waya tu, maana ukikatika hukata na watu. Huwezi kuutazama waya na ndoano ya kreni kwa pamoja. Basi nazo zipeane zamu: winchi ilete, isimame, ndipo kreni inyanyue. Inabaki breka. Breka inashikwa na mtu mwingine kabisa, kule kwenye msingi, naye anavunja jiwe huku kreni ikiondoa mapande aliyokwisha kuvunja. Hawa wawili kweli wanafanya kazi bega kwa bega.

Ukilitazama jambo hivyo, midomo minne inageuka kuwa miwili. Mdomo wa kwanza ni wa tipa, winchi au kreni, mmoja kwa wakati. Wa pili ni wa breka. Lita 120 zimeshuka hadi 70, farasi hamsini wameshuka hadi thelathini, na PTO imepumua. Hujanunua chochote bado. Kijiji kizima cha Kanga kinajua kupanga foleni kisimani. Ni lori tu ambalo limeachiwa lisukumane.

Baada ya hapo ndipo uchague pampu, na hapa nina msimamo. Wauzaji watakuonyesha pampu ya pistoni inayojirekebisha yenyewe, ambayo huhisi mzigo na kutoa mafuta yale tu yanayotakiwa. Ni pampu nzuri kweli, haipotezi nguvu, na kwenye karakana ya mjini ningekuambia uinunue. Lakini ina matundu membamba yasiyovumilia uchafu, na fundi wa kuifungua na kuirekebisha hayuko jirani. Kwa Kanga mimi nasema pampu pacha ya gia: pampu mbili zilizoshikana kwenye ekseli moja, zinazungushwa na PTO moja, kila moja ikiwa na tundu lake la kutolea mafuta. Ya kwanza iwe ya sentimita za ujazo 45 kwa mzunguko. Kwa mizunguko 1,000 inatoa lita kama 45, inatosha kreni, na winchi itakwenda pole kidogo, jambo ambalo kwa winchi ni baraka. Ya pili iwe ya 32, ile breka ipate lita zake 30. Kila moja iwe na valvu yake ya usalama. Hakuna anayemnyang'anya mwenzake, na gogo halishuki juu ya kichwa cha utingo kwa sababu mtu amefungua mlango upande wa pili.

Ukilazimika kubaki na pampu moja, usitumie tii. Tumia valvu ya kugawa yenye kipaumbele: inampa mmoja kiwango chake kwanza, kinachobaki kinakwenda kwa mwingine. Lakini ujue bei yake. Pampu ikisukuma kwa bar 200 kwa ajili ya kreni, na breka inataka bar 120 tu, zile bar 80 za ziada kwenye lita 30 haziendi popote ila kwenye joto. Kilowati 4. Ni kama kutumbukiza pasi nne za umeme ndani ya tangi la mafuta na kuziacha zikiwaka mchana kutwa. Na dereva anayeshikilia mpini wa kreni baada ya silinda kufika mwisho, huku valvu ya usalama ikilia kama filimbi, anachoma zaidi: lita 45 kwa bar 200 ni kilowati 15. Sauti ile ya kulia si dalili kwamba mashine ina nguvu. Mwachishe.

Kosa jingine la Fundi wa Tii, akishakatazwa tii, ni kuunga valvu ya winchi kwenye tundu la kurudishia mafuta la valvu ya kreni, akidhani mafuta yatapita moja hadi nyingine kama gari la moshi. Tundu la kurudishia halikuundwa kubeba shinikizo kubwa. Winchi ikibanwa, shinikizo lake linarudi ndani ya kasha la valvu ya kreni, sili zinatoka, na mara nyingine kasha lenyewe linapasuka. Valvu inayofaa kuungwa hivyo ina tundu la tatu, la kupitisha nguvu kwa anayefuata, na tundu la kurudishia linakwenda tangini kivyake. Ukinunua valvu, hesabu matundu kabla hujahesabu pesa. Na mota ya winchi kama ina bomba dogo la kuchuruzisha mafuta yanayovuja ndani, lifike moja kwa moja tangini. Ukiliziba kwa sababu "linamwaga mafuta bure", sili ya ekseli itatoka kesho yake.

Upande wa kunyonya, watu hubana matumizi pasipofaa. Pampu hainyonyi kwa nguvu kama unavyodhani. Inasubiri mafuta yaingie yenyewe. Kwa lita 75 kwa dakika, hosi ya kunyonya iwe na tundu la milimita 40, fupi, isiyo na kona za bure, na tangi likae juu ya pampu. Ukiweka nyembamba, utasikia sauti kama kokoto zinatikiswa ndani ya kopo la bati. Hivyo ni viputo vya mvuke vinavyopasuka juu ya chuma na kukila. Pampu yenye sauti hiyo haina siku nyingi.

Tangi nalo liwe la lita 80 hadi 120 kwa mpango huu, na kama nafasi ipo kwenye chesisi, chukua kubwa. Mafuta yanahitaji muda wa kukaa, kupoa, kutoa povu na kuacha uchafu chini. Weka kipimajoto kwenye tangi. Chini ya nyuzi 60 uko salama. Ikipita 80, sili zinaanza kukakamaa na mafuta yanazeeka kabla ya wakati. Kwa joto la pwani yetu oili ya daraja la 46 inafaa, na 68 kwa lori linalofanya kazi mchana kutwa juani. Soma kitabu cha pampu, na usichanganye madaraja eti kwa sababu dukani limebaki dumu moja.

Sasa dereva. Baba, nakuheshimu, lakini mguu wako ni mzito. Pampu hii inataka injini iende kwenye mizunguko ya kazi, si zaidi. Kwenye sailensa kreni itakuwa pole. Hilo si ugonjwa. Ukipiga resi ili iharakishe, mafuta yanazidi, joto linazidi, na pampu inaweza kuzungushwa kupita uwezo wake. Funga mkono wa resi, weka alama ya rangi pale panapotakiwa, uache hapohapo. Na kabla ya kuondoka, chomoa PTO. Lori likitembea mwendo wa barabarani na PTO imeingia, pampu inakimbia bila sababu na huweza kufa kabla hujafika Kilindoni. Dai taa nyekundu na kengele ndani ya kebini. Zote mbili ni bei ndogo kuliko nauli ya spea.

Utingo, kazi yako ni mbao. Ardhi ya Kanga ina mchanga, na mguu wa kreni kwenye mchanga huzama upande mmoja wakati mzigo uko hewani. Mbao pana na nene chini ya kila mguu, kila mara, hata kwa gogo moja. Kazi yako ya pili ni chumvi. Fimbo za silinda zinang'aa kwa kromu, na hewa ya bahari inazitafuna palipo na mkwaruzo. Kutu ikiota, kila silinda inapoingia inachana sili. Lori likilala, silinda zote zilale zimeingia ndani. Viunganishi vya breka vivishwe vifuniko vyake, kwa sababu punje ya mchanga iliyoingia hapo itasafiri hadi kwenye valvu. Mafuta yakibadilika rangi na kuwa kama tui, yameingiwa maji: yamwage yote.

Yamwage kwenye pipa. Mchanga huu haushiki mafuta, unayameza, na chini yake ndiko yaliko maji ya visima. Yanayobaki juu, mvua inayapeleka baharini wanakovua wazee wetu na anakopita papa potwe kila mwaka. Pipa likijaa, lirudi bara na chombo kilekile kilicholeta mapya.

Tajiri, zawadi ya lori lako ni sanduku la chuma chini ya kiti: hosi moja ya akiba kwa kila saizi, oringi za kila aina iliyofungwa, filta mbili, geji moja ya shinikizo. Chora na ramani ya mabomba kwenye karatasi, uibandike ndani ya mlango, ili fundi atakayekuja mwaka kesho asianze kwa kubahatisha.

Na wote wanne, jambo moja la mwisho. Hosi iliyotoboka tundu dogo kama ncha ya sindano hurusha uzi wa mafuta usioonekana, nao kwa bar 200 unapenya ngozi. Kwa nje kinaonekana kidoti tu, hakiumi sana, na mtu anafuta mkono na kuendelea na kazi. Ndani, mafuta yanaua nyama, na ikichelewa, kidole au mkono hukatwa. Aliyepatwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo, amwambie daktari kwamba ni mafuta ya haidroliki yaliyoingia kwa shinikizo, na kutoka Kanga hospitali hiyo iko Kilindoni. Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla ya kazi, chukua kipande cha boksi, kipitishe taratibu kando ya kila hosi mashine ikiwa imewashwa, na utazame kama kimelowa. Mkono wako usikaribie.